Kufundisha Skripti za Kuendesha na Kupima Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuwasaidia walimu wenzetu wanaofundisha somo la kompyuta vyuoni. Mara nyingi mwalimu mmoja hukabidhiwa chumba kizima cha mashine juu ya vipindi vyake vya kawaida. Kila jioni hana budi kunakili kazi za wanachuo, kukagua nafasi ya diski na kutafuta sababu ya mashine kuwa nzito. Siku akichoka, kazi hizo huachwa. Na diski ikiharibika siku hiyo, kazi za muhula mzima hupotea. Dawa yake ni skripti, yaani faili la maandishi lenye amri zilizopangwa, ambalo kompyuta hulisoma na kulitekeleza mstari kwa mstari.

Kuanza na yanayojulikana

Kanuni ya ualimu hututaka tuanze na mambo anayoyajua mwanafunzi. Hapa Mafiga, mjini Morogoro, upo mtambo wa kusafisha maji yatokayo Bwawa la Mindu. Wanachuo waulizwe: mlinzi wa mtambo wa namna hiyo hupaswa kufanya nini? Wataona kwamba lazima apime maji kwa saa maalumu, aandike kipimo daftarini, na achukue hatua kipimo kinapovuka mpaka. Kupima, kuandika na kutenda ni kama mafiga matatu: likikosekana moja, chungu hakikai. Skripti ya uangalizi husimama juu ya hayo hayo.

Hatua za somo

Kwanza, wanachuo waandike amri kwa mkono katika mashine yenye mfumo wa Linux. Amri ya df huonyesha nafasi ya diski iliyotumika. Uptime huonyesha wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Kipimo cha dakika 1 kikizidi sana kile cha dakika 15, mzigo ndio kwanza umeingia. Kikiwa kidogo, mzigo unapungua.

Pili, amri hizo ziwekwe katika faili moja, na matokeo yaongezwe kwenye faili la kumbukumbu pamoja na tarehe na saa. Baada ya wiki mbili wanachuo wachore grafu na kujadili saa ambazo mashine huelemewa.

Tatu, waongeze sharti: diski ikijaa kupita asilimia 90, skripti iandike onyo.

Nne, skripti ikabidhiwe kwa cron, programu ya mifumo ya Unix iliyokuwapo tangu miaka ya 1970, ambayo huanzisha kazi kwa saa iliyopangwa. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Cron huhesabu saa tangu usiku wa manane, si kama tuhesabuvyo sisi. Mstari unaoanza kwa 0 2 maana yake ni dakika sifuri, saa 8 usiku. Mwanachuo akiandika 8 kwa kukusudia saa 8 usiku, kazi itaanza saa 2 asubuhi, wenzake wakiwa darasani. Aidha, cron ya kawaida hairudii kazi iliyopitwa wakati mashine imezimwa. Chuo kinachozima mashine jioni, au kinachokatikiwa umeme, afadhali kichague saa ya mapumziko ya mchana, au kitumie anacron, ambayo hufanya kazi iliyopitwa mashine inapowashwa tena.

Tahadhari

Skripti hutii tu, haifikiri. Jina la folda likikosewa katika skripti ya kufuta, kosa hilo litarudiwa kila siku bila huruma. Kwa hiyo skripti kama hiyo ianze kwa kuorodhesha tu mafaili yatakayofutwa. Orodha ikishakaguliwa, ndipo amri ya kufuta itiwe. Vilevile, nakala ambayo haijajaribiwa kurejeshwa isitegemewe.

Tathmini

Haifai kumpima mwanachuo kwa kukariri amri. Apewe kumbukumbu za wiki moja, aeleze mashine ilipatwa na nini na lini. Kisha kila skripti iandikiwe maelezo kwa Kiswahili ndani yake, kwani mwalimu huhamishwa, na anayempokea hana budi kuelewa kile mashine inachofanya usiku.