Kitabu cha Pete na Watoto wa Mlima wa Moto

Mtoto wa Goma hana haja ya kufundishwa mlima wa moto ni kitu gani. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ukateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na nyumba elfu nyingi. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na mji. Wazee husimulia pia habari za moto wa mwaka 1977.

Mwezi mmoja tu kabla ya msiba ule wa 2002, ilitokea katika nchi za ng'ambo filamu ya kwanza kati ya tatu zinazosimulia habari za pete moja mbaya, isiyoweza kuharibika ila kwa kutupwa katika mlima wa moto. Ya pili ilifuata Desemba 2002, na ya tatu, iliyopewa tuzo 11 za Oscar, ilitoka mwaka 2003. Bwana Peter Jackson alizitengeneza katika nchi yake ya New Zealand. Waliozitazama kwa Kifaransa wakiwa wanafunzi, leo wengine wao ni baba na mama, na watoto wao wazitazama katika simu. Lakini wako wasiojua ya kuwa hadithi hii ni kitabu, wala ya kuwa aliyeitunga alikuwa Mkatoliki mwenzetu. Twapenda kuwaeleza habari hizo, maana filamu zimeacha nje jambo moja ambalo sisi watu wa Kivu twalihitaji kuliko mapanga yote yanayong'aa ndani yake.

Yatima aliyelelewa na padri

J. R. R. Tolkien alizaliwa katika bara letu, mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Baba yake, Mwingereza, alikufa mwaka 1896. Mama yake aliingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1900, na kwa sababu hiyo baadhi ya jamaa walimnyima msaada. Alikufa mwaka 1904, akiacha wana wawili. Padri Francis Morgan, wa nyumba ya Waoratori mjini Birmingham, akawa mlezi wao.

Mwaka 1916 Tolkien alikwenda vitani kule Somme, Ufaransa. Wawili katika rafiki zake wapenzi wa shule walikufa mwaka huo huo. Baadaye akawa profesa huko Oxford, na baba wa watoto wanne, ambao aliwasimulia hadithi za kubuni. Kitabu cha The Hobbit kilipigwa chapa mwaka 1937. Kile kirefu cha Pete, ambacho kwa Kifaransa chaitwa Le Seigneur des anneaux, kilitoka katika sehemu tatu mwaka 1954 na 1955. Mwaka 1953 alimwandikia padri mmoja ya kuwa kazi hiyo, toka msingi wake, ni ya dini na ya Kikatoliki.

Mdogo aliyepewa mzigo mkubwa

Pete ile humpa mtu nguvu, lakini humla moyo. Hata mwenye nia njema akiitumia ili kuondoa udhalimu, mwisho atakuwa dhalimu yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyo wakubwa wenye hekima waliogopa kuipokea, na mzigo ukachukuliwa na Frodo, mtu mfupi wa kabila la wahobiti, wapendao shamba, chakula na amani. Mtumishi wake Sam, mtunza bustani, alikwenda naye.

Nasi habari hiyo si ngeni kwetu. Ni wangapi katika Kivu walioshika bunduki wakisema watawaokoa wanyonge, kisha wanyonge wakawakimbia wao?

Frodo alipofika ukingoni mwa moto, nguvu zilimwishia. Hakuitupa pete, bali alisema ni yake. Ndipo Gollum, kiumbe duni ambaye wengi walitaka auawe, lakini ambaye Frodo alimhurumia njiani, alipomng'ata kidole, akaipata pete, akarukaruka kwa furaha, akateleza na kuanguka nayo motoni. Filamu yaonyesha wawili hao wakipigana pale ukingoni, lakini katika kitabu hakuna aliyemsukuma. Bila huruma ile, pete isingaliangamia. Na siku iliyoangamia, Tolkien ameiandika kuwa tarehe 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria.

Sura iliyoachwa

Katika filamu wahobiti warudi nyumbani, nao wakuta kijiji kizima kama walivyokiacha. Katika kitabu sivyo. Wakuta miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, mto umechafuliwa, majirani wamefungwa, na wageni wakorofi wanatawala kwa rungu. Yawapasa kuwaamsha wenzao na kuwafukuza. Damu yamwagika, lakini Frodo azuia wenzake wasiwaue wale waliokwisha kutupa silaha zao. Kisha Sam azunguka nchi nzima akipanda miti mahali pa ile iliyokatwa. Frodo mwenyewe hakupona kabisa. Kila mwaka kidonda chake kilimwuma.

Sura hii twaielewa. Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe, kisha kambi za wakimbizi kando ya mji zikavunjwa, na watu wengi wakarudi vijijini. Mtu arudiye na kukuta shamba limekuwa pori ajua ya kuwa kurudi ni kazi nyingine, na ya kuwa wako wenye vidonda visivyoonekana.

Wazazi wengine huuliza: Je, hiki si kitabu cha uchawi? Mzee Gandalf, mwenye fimbo, Tolkien alieleza kuwa ni mjumbe aliyetumwa, mfano wa malaika. Uovu katika kitabu hiki ni kutaka kuwatawala wengine kwa nguvu. Litupasalo kuogopa zaidi ni desturi ya kumfukuza mtoto nyumbani kwa kumwita mchawi, jambo ambalo sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yaliadhibu.

Basi, baba na mama, na ninyi walimu, msiishie kumzuia mtoto asitazame filamu. Kaeni naye, kisha mwulizeni: Nani aliyeshinda? Akijibu kwamba ni yule mwenye upanga, msimlaumu, maana ndivyo macho yake yalivyoona. Msimulieni jioni, kwa Kiswahili chetu, sura ile iliyoachwa: huruma iliyookoa nchi, silaha zilizotupwa pasipo kisasi, na mtunza bustani aliyerudi kutoka vitani akapanda miti. Watakuja watu kumwambia mtoto wetu ya kuwa ukubwa hupatikana kwa bunduki. Afadhali awe amekwisha kusikia habari za Sam kabla hawajafika.