Watoto wetu nao wapime udongo wa kwetu

Sisi wachimbaji wa Namoya na Salamabila tunajua dhahabu kwa mikono. Merkiri nayo tunaijua: inashika dhahabu, kisha tunaichoma, moshi tunauvuta pamoja na watoto. Kama inabakia kiasi gani ndani ya mito ya Kabambare, hapo tunangojea mtafiti wa mbali aje kupima.

Juu ya nini asipime mtoto wetu mwenye kusoma Kasongo ao Kindu?

Njia iko. Tangu 2021 vyuo vya Congo vinaingia katika mfumo wa LMD: lisansi ni miaka 3, kredi 180, sawasawa na Ulaya. Programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya inaweza kupokea mwanafunzi wa lisansi kwa miezi 2 mpaka 12, kwa masomo ao staji ya laboratware. Inasaidia tiketi na pesa ya kuishi. Minervali ya kule halipi.

Lakini mwanafunzi hawezi kuomba peke yake. Lazima chuo chake na chuo cha kule viwe na mkataba wa maandishi. Kwa hiyo, baba na mama, mkiitwa kwenye mkutano wa wazazi, msiulize minervali tu. Ulizeni: mkataba tuko nao na nani? Anayewauzia fomu ya bursa barabarani, mumuache, kuomba hakulipishwi.

Na mtafiti akifika kwenye shimo letu, tumpokee vizuri, tumuombe jambo moja: achukue mwanafunzi wa hapa, wapime pamoja.