Ndugu kwa ua, si kwa umbo: namna mimea inavyopangwa makundi

Mchimbaji wa dhahabu hadanganyiki na rangi peke yake. Kuko jiwe linalong'aa manjano kushinda dhahabu yenyewe, na kijana mgeni wa shimo analiokota kwa furaha. Mzee wa kazi analigonga nyundo. Likivunjika na kuwa unga, hilo ni jiwe la bure. Dhahabu ya kweli haivunjiki: inalala bapa, tena ni nzito mu karai ya kuoshea. Basi mchimbaji anajua tayari kanuni ambayo wenye elimu ya mimea wanaifuata: vitu viwili kufanana machoni haitoshi kuviweka kundi moja. Tafuta alama isiyodanganya.

Leo, ndugu wachimbaji na bamama mnaowangoja nyumbani, tunawaletea kanuni hiyo ku mashamba na masoko yetu ya Kimemi. Si masomo ya batoto wa shule tu. Kuko sahani ya chakula ndani yake, kuko franga, na kuko uzima.

Makundi ya sokoni

Kila mama anayeuza anapanga mimea kwa kazi yake. Hapa vyakula, pale mboga, kule dawa, nyuma kuni na makala. Mchimbaji naye anapanga hivyo: kalitusi ni mti wa kutegemeza shimo, miti mingine ni ya moto. Mpango huo ni mzuri, unatulisha kila siku. Lakini unakata mmea mmoja vipande viwili. Mzizi wa muhogo uko kundi la vyakula, majani yake, yaani sombe, yako kundi la mboga, na wote ni mmea mmoja.

Ndiyo maana wenye elimu walichagua njia nyingine, njia ya undugu. Wanauliza: mmea huu umezaliwa jamaa gani? Urefu hauwezi kujibu, juu udongo mbaya unafupisha mti. Jani nalo linabadilika kwa jua na kivuli. Shahidi mwenye kuaminika zaidi ni ua na tunda. Siku hizi wanachunguza pia urithi ulio ndani ya chembe za mmea, na mara kwa mara urithi huo unasahihisha mpango wa zamani.

Mbegu inasema

Makundi makubwa ni rahisi kuyaona. Kuko mimea isiyo na ua wala mbegu: ile inayotanda kama zulia bichi ku mawe yenye maji, na yale majani ya msituni ambayo yakiwa machanga yanajikunja kama mkia wa kinyonga. Kisha kuko miti yenye mbegu lakini bila ua la kweli, sawa na misipre tunayopanda mbele ya makanisa. Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote: mimea yenye ua, na mbegu iliyofichwa ndani ya tunda.

Hawa wenye ua, waulize mbegu zao. Mpe mtoto haragi moja na punje moja ya mahindi, azipande mu kikopo. Haragi litatoka na nusu mbili nene, kama mikono iliyofunguka. Hindi litatoka na jani moja lililosimama kama sindano. Kwa mahindi, majani na migomba, mishipa ya jani inakwenda sambamba, haishonani. Kwa maharagi, kawa, na parachichi, mishipa ya jani inafanya wavu.

Tofauti hii inafika mpaka shimoni. Mgomba ni mrefu, watu wengi wanauita mti. Lakini haina mbao ndani: shina lake ni majani yaliyofungana, moja juu ya lingine. Kwa elimu ya mimea, mgomba ni jani kubwa sana. Hakuna mchimbaji anayetegemeza shimo kwa mgomba, na sasa mnajua juu ya nini. Kalitusi, mwenye mbao ya kweli, ni wa jamaa nyingine kabisa, jamaa ya mapera na karafuu. Tazama ua la kalitusi na ua la mpera: yote mawili yana nyuzi nyingi nyeupe zilizosimama kama brosi.

Jamaa moja, ugonjwa mmoja

Tufike ku shamba. Viazi vya Kizungu, vile vinavyoshuka kutoka milima ya Lubero, tomati, biringanya, pilipili na tumbako ni jamaa moja. Maua yao yanaonyesha wazi: vipande vitano vilivyoungana chini, kama nyota ndogo ao tarumbeta. Kiazi kitamu, ingawa kinaitwa kiazi, si ndugu yao. Ua lake ni kama kengele, na jamaa yake ni ya yale maua yanayopanda ku ua wa nyumba.

Faida ni nini? Ndugu wanaambukizana. Ule ugonjwa unaounguza majani ya viazi wakati wa mvua nyingi, ambao wakulima wanauita mildiu, unashika tomati vilevile. Mama aliyepoteza viazi na kupanda tomati palepale anampa adui chakula cha pili. Heri apande maharagi, soya ao karanga. Jamaa hiyo inajulikana kwa mfuko wa mbegu, na ku mizizi yake kuko vifundo vidogo vinavyokusanya mbolea kutoka hewani. Mlima uliochoka unapata nguvu kidogo.

Tena jamaa ya viazi iko na sumu ndani ya damu yake, kama tunaweza kusema hivyo. Kiazi kilichokaa juani kikageuka rangi ya majani kina sumu: usikile, wala usimpe mtoto. Na datura, ule mmea wenye ua refu jeupe na tunda la miiba unaopenda kuota ku majalala, ni ndugu wa tomati. Mbegu zake zinachanganya akili, zinaweza kuua. Undugu haumaanishi wote wanaliwa. Unamaanisha: chunga.

Mihogo miwili, jina moja

Kuko mahali ambapo mama anaona mbali kuliko kitabu. Kwa elimu, mihogo yote ni aina moja, jina lake Manihot esculenta. Kwa mama ni miwili: mitamu na michungu. Na kwa uzima wetu, makundi ya mama ndiyo ya kushika kwanza. Mihogo michungu ina mali inayozaa sianidi, sumu ile ambayo makampuni makubwa ya migodi yanatumia kutoa dhahabu ndani ya mawe.

Kumenya, kuloweka siku tatu ao nne, kisha kukausha vizuri: kazi hii inatoa sumu. Wakati wa njaa ao haraka, watu wanapunguza siku. Hapo unakuja konzo, ugonjwa unaokaza miguu yote miwili kwa ghafula, na hauponi. Jina ni la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliuandika mwaka 1938, na hata Kivu ya Kusini umekwisha kuonekana. Unashika sana batoto na bamama, zaidi pale ambapo watu wanakula mihogo bila maharagi, samaki wala nyama. Kambi ya wachimbaji ambako chakula kinafika kwa shida isisahau jambo hili.

Palu na ndugu wawili

Mashimo yaliyoachwa yanashika maji, maji yanazaa mbu, mbu wanaleta malaria, ile tunaita palu. Hapa jina la mmea linaweza kuokoa ao kupoteza. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa kitabu ambamo kila mmea ulipata majina mawili: la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe. Ni sawa na sisi: ukiita jina la ukoo tu mu nyumba yenye watu kumi, nani ataitika?

Watu wanasema «Artemisia» na wanakunywa. Artemisia gani? Artemisia annua imetoka Asia, inaishi mwaka mmoja. Ndani yake Tu Youyou wa China na wenzake walipata dawa ya malaria, na yeye akapewa tuzo la Nobel mwaka 2015. Artemisia afra ni mwenyeji wa milima ya Afrika, inaishi miaka mingi, lakini dawa ile haina, ao inayo kidogo mno. Ukoo mmoja, kazi mbalimbali. Na hata kwa annua, OMS ilisema mwaka 2019 kwamba haipendekezi chai ao unga wa majani kwa kutibu malaria, juu kipimo cha dawa hakijulikani kikombe kwa kikombe. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku ileile, apimwe.

Kimemi inapokea watu wa kila kilima, na kila mmoja anakuja na majina ya kwao. Jina moja linabeba mimea miwili, mmea mmoja unabeba majina matano. Kwa hiyo, mbele ya kununua dawa ya mizizi ao mbegu usiyoijua, omba uonyeshwe jani, ua na tunda. Unga peke yake hauna sura. Mjini kwetu Université Catholique du Graben ina masomo ya kilimo, na Yangambi, karibu na Kisangani, kuko nyumba inayohifadhi mimea mikavu zaidi ya laki moja ya nchi yetu, kila mmoja na jina lake. Kwa mmea wa kambini, tawi lenye ua lililokauka ndani ya gazeti hili linatosha kwa kwenda kuuliza.