Picha ya Usuli Isiyotakiwa kwenye Kompyuta Iliyotumika

Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika huiwasha nyumbani na mara nyingi hukutana na picha asiyoijua: bibi na bwana harusi wasio jamaa zake, nembo ya kampuni ya ng'ambo, au picha ambayo asingependa watoto waione. Picha hiyo hukaa kwenye eneokazi, yaani ule uso wa skrini unaobeba aikoni za programu na faili, nayo huitwa picha ya usuli. Kwa kawaida kuiondoa ni kazi ya dakika moja. Inapokataa kuondoka ndipo mnunuzi anapopaswa kusita, kwa sababu ukaidi huo una chanzo, na chanzo hicho huweza kuonyesha kwamba mtu mwingine bado ana mkono ndani ya mashine aliyoilipia.

Maelezo haya yanahusu Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, na Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, mifumo ambayo bado hukutwa katika kompyuta za zamani zinazouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya mikoani. Majina ya vitufe tumeyaacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo yanavyosomeka kwenye skrini.

Kwenye Windows XP, peleka kishale mahali patupu kwenye eneokazi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Properties. Katika dirisha litakalofunguka, ingia sehemu ya Desktop. Utaona orodha ya picha, na juu kabisa neno None. Lichague, teua rangi unayoipenda, halafu bofya Apply na OK. Kwenye Windows 7, kitufe hicho hicho cha kulia huleta neno Personalize. Lifuate, bofya Desktop Background sehemu ya chini ya dirisha, na penye Picture location chagua Solid Colors. Teua rangi, kisha bofya Save changes.

Windows XP ina mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Mfumo huo huruhusu ukurasa wa intaneti kuwekwa juu ya picha ya usuli, hivyo mtu anaweza kuchagua None na bado akaona maandishi au tangazo limetanda pale pale. Rudi katika sehemu ya Desktop, bofya Customize Desktop, kisha ingia sehemu ya Web. Ondoa alama ya tiki kwenye kila kilichoorodheshwa na kwenye maneno Lock desktop items, na kile usichokitambua kifute kwa Delete.

Jambo jingine huwachanganya watu. Mtumiaji huitafuta picha ndani ya folda, akaifuta, akawasha kompyuta upya na kuikuta imerudi. Hapo hakuna mkono wa mtu. Picha inapowekwa kuwa usuli, mara nyingi mfumo hujitengenezea nakala na kuihifadhi mahali pengine, kwa hiyo kufuta ile ya awali hakuigusi nakala. Kinyume chake pia ni kweli: kuchagua None au rangi tupu huiondoa picha machoni tu, ilhali faili yake imebaki ndani ya diski. Ikiwa ni picha isiyofaa watoto, itafute katika folda za picha, ifute, kisha umwage Recycle Bin. Na mahali ilipo moja, huenda zipo nyingine, pamoja na barua, vyeti na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ununuzi wa mashine haumpi mtu haki juu ya maisha ya familia iliyoitumia kabla yake. Picha hizo zisisambazwe wala zisitumiwe marafiki kwa mzaha.

Ikiwa hatua zilizotajwa hazikufua dafu, usikimbilie kumlipa fundi kabla ya kujua unachokiona.

Kompyuta mpakato ndogo za miaka ya 2009 na 2010 nyingi ziliuzwa zikiwa na Windows 7 Starter. Toleo hilo lilitengenezwa kwa makusudi lisiruhusu kubadili picha ya usuli. Si hitilafu, wala si virusi. Ili kujua toleo ulilonalo, fungua menyu ya Start, bofya kitufe cha kulia juu ya neno Computer na uchague Properties. Anayekutoza fedha za kuondoa virusi kwa sababu hiyo peke yake amekutoza kwa kazi ambayo haipo.

Usuli ukiwa mweusi tupu, na pembeni chini kulia pana maneno yanayosema nakala ya Windows si halali, basi mfumo umetambua kwamba programu haina leseni inayokubalika. Utaweka picha nyingine, na baada ya saa moja weusi utarudi. Muuzaji aliyekuhakikishia kwamba programu ni halali hakukupa ulichokilipia. Tazama chini ya kompyuta mpakato au ubavuni mwa kompyuta ya mezani kama pana kibandiko cha Microsoft chenye namba ya herufi na tarakimu 25, kisha urudi kwake na swali.

Nembo ya taasisi isiyotaka kuondoka ni suala zito zaidi. Ofisi na shule hufunga mipangilio ili watumishi na wanafunzi wasibadili usuli, na kufuli hilo hubaki pale mashine inapouzwa bila kusafishwa. Utalitambua kwa sababu orodha ya picha itakuwa imefifia na haibofyeki. Fundi anaweza kulifungua. Ushauri wetu ni kwamba asiishie hapo. Kompyuta yenye kufuli la ofisi huenda pia ina akaunti ya msimamizi ambayo nywila yake huijui, au programu inayoruhusu mtu aliye mbali kuiendesha. Kufungua kufuli la picha na kuyaacha hayo ni sawa na kupaka rangi mlango ambao ufunguo wake anao mwingine. Kabla ya kugusa chochote, mtake muuzaji aonyeshe hati za jinsi alivyoipata. Kompyuta za ofisi huuzwa kihalali kwa mnada kila mara, lakini huibwa pia.

Aina ya mwisho ni usuli unaozungumza. Katikati ya miaka ya 2000 zilienea programu hasidi zilizobadili usuli wa Windows XP kuwa onyo kwamba kompyuta imeshambuliwa, zikimtaka mtumiaji anunue dawa. Baadhi ziliiondoa kabisa sehemu ya Desktop katika dirisha la Properties ili onyo lisifutike. Dawa iliyouzwa ilitoka kwa wale wale walioleta ugonjwa. Ukikuta onyo la namna hiyo, usibofye wala usilipe. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, na usiingize nywila yoyote, hata ya barua pepe, mpaka mashine isafishwe.

Zipo na zile zinazofunga faili na kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa dunia nzima mwezi Mei 2017 na kuandika madai yake kwenye usuli. Hapo kuondoa picha hakufungui faili hata moja. Ikiwa faili hizo ni za thamani, zihifadhi kwenye diski ya nje hivyo hivyo zilivyofungwa, kwa maana kwa baadhi ya programu hizi funguo zimewahi kupatikana baadaye bila malipo. Kisha toa taarifa polisi.

Kwa kufuli la ofisi na kwa programu hasidi, njia tunayoipendekeza ni moja: hifadhi faili zako tu, futa diski yote, na uweke mfumo upya. Mashine isiyomudu Windows mpya inaweza kuendeshwa na baadhi ya mifumo ya Linux isiyohitaji kumbukumbu kubwa, ambayo hupatikana bure. Kurudisha Windows XP si suluhisho kwa anayetaka kufanya miamala ya benki. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020.

Yote haya yanaweza kugunduliwa dukani kabla fedha haijatoka mfukoni. Mwombe muuzaji awashe kompyuta, kisha ubadili usuli wewe mwenyewe mbele yake, uizime, uiwashe tena na utazame kama rangi uliyoichagua imebaki. Muuzaji mwaminifu hatakerwa na dakika hizo. Anayekuambia hilo utalirekebisha nyumbani amekwisha kukujibu.

Ikiwa ulishainunua, piga picha ya skrini kwa simu siku hiyo hiyo, kabla fundi yeyote hajaigusa, na uihifadhi pamoja na risiti yenye namba ya mashine. Anza kwa muuzaji, na malalamiko yako yawe kwa maandishi, yakieleza ulichoahidiwa na ulichokikuta. Akikataa kuipokea au kukaa kimya, leta nakala ya barua hiyo, picha na risiti katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe.