Mashini gani kwa kuchapa foto kubwa?



Mumekwisha kusikia habari: kikundi chetu cha foto kinataka kuonyesha foto za wazee wetu, zile zilizobakia ndani ya manyumba nyuma ya vita ya siku sita, mwezi wa sita mwaka 2000. Wazazi wamekubali kuchanga feza ya kununua mashini ya kuchapa. Tangu siku ile, katika kiwanja cha masomo ni neno moja tu: tununue ile kubwa! Ile ya upana wa sentimeta 112! Mimi sikuinua mukono. Wengine wamenicheka, ndiyo sababu ninaandika hapa.

Nianze kwetu nyumbani. Babu iko na foto ya ndoa yake ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe, sentimeta 9 kwa 13. Wakati wa ile vita bibi aliitia ndani ya Biblia, akakimbia nayo. Nyumba ilipigwa na bombe, foto zingine zote ziliungua. Mwaka 2015 baba aliipeleka kwa fundi mumoja wa muji ili aikuze. Tukaitia kadre, tukaitundika ku salon, mbele ya dirisha. Ilipendeza sana, hata majirani walikuja kuitazama. Nyuma ya miaka mitano uso wa bibi ulikuwa kama sombe: nyekundu ilikimbia, kijani ikabakia. Na ile ndogo ya 1974? Iko vile vile, nyeusi yake ni nyeusi. Kumbe ile kubwa ndiyo ilikufa ya kwanza.

Sasa tuangalie juu gani.

Hapa Kisangani mutu akisema «gran forma», watu wanafikiri bashi, ni kusema ile plastiki ya matangazo inayofungwa ku barabara, ya kampanye ao ya konseri. Mashini ya bashi ni kubwa kweli, lakini kazi yake ni ingine. Wino wake umechanganywa na dawa yenye harufu kali, inayokula plastiki kidogo ili rangi ishike na isiogope mvula. Bashi inatazamwa kutoka ngambo ya barabara. Uso wa muzee unatazamwa karibu, kama unavyosoma barua. Kwa kazi hiyo kunatakiwa mashini ya wino wa maji na karatasi nzuri, yenye rangi nane, kumi, hata kumi na mbili, kwani nyeusi peke yake haitoshi: iko nyeusi, iko kijivu, iko kijivu cheupe. Pasipo vijivu hivi, foto nyeusi na nyeupe inachapwa kwa kuchanganya rangi zingine, na siku rangi moja inapokimbia, bibi anakuwa sombe.

Ndani ya mashini kuna kichwa kinachotembea kushoto na kuume juu ya karatasi. Kichwa kina matundu maelfu, madogo kuliko unywele. Kila tundu linatupa tone la wino lisilofika hata sehemu kumi za litre moja iliyogawanywa mara milioni, kiisha kila kipande mara milioni tena. (Wa kalasi ya sita, hesabuni.) Namna ya kutupa tone ziko mbili. Canon na HP wanachemsha wino kwa nukta ndogo sana, povu inazaliwa, inasukuma tone inje. Epson hawachemshi: wanatumia kipande cha kristali kinachojikunja umeme ukipita, kama kidole kinachofinya chupa ya mafuta. Kwa macho, foto zote mbili ni nzuri. Tofauti inaonekana siku ya ugonjwa. Katika mashini nyingi za Canon za aina hii, kichwa kinachoka, lakini wewe mwenyewe unanunua kipya na kukiweka. Kichwa cha Epson kinadumu sana, lakini kikifa kinaomba fundi aliyefundishwa. Mbele ya kulipa, uliza fundi huyo anakaa muji gani.

Neno la wino ni kubwa kuliko yote. Weka sukari ndani ya chai, inayeyuka, hauioni tena. Chota maji ya Lindi nyuma ya mvula, utaona udongo umeelea ndani, haukuyeyuka. Ndivyo wino: uko wa kuyeyuka, na uko wa pigmenti, wenye vumbi laini sana la rangi. Ule wa kuyeyuka unang'aa, tena bei yake ni chini. Lakini mwangaza na hewa vinaupiga upesi, kwa sababu kila chembe iko peke yake. Katika pigmenti chembe zimekaa pamoja ndani ya punje moja. Zile za inje zikipigwa, za ndani zimefunikwa. Foto ya pigmenti juu ya karatasi nzuri, ndani ya kadre ya kioo, mbali na jua, inadumu miaka makumi mengi. Fundi wa baba alitumia ule wa kuyeyuka. Simulaumu sana, hakuna mutu aliyemuuliza.

Hata wakubwa walianguka katika shimo hilo. Graham Nash, mwimbaji aliyezaliwa Uingereza, alipenda foto kuliko kawaida. Karibu na mwaka 1990 alipata mashini iliyoitwa Iris, ya dola 126 000. Haikufanywa kwa foto za kutundika. Ilifanywa kwa kujaribia kurasa mbele ya kuzichapa katika kiwanda. Mwaka 1991 akafungua atelye kule California, Nash Editions, na wapiga foto wakashangaa kwa uzuri wa kazi. Kiisha chapa zingine za siku zile zilianza kupauka, kwa kuwa wino wa Iris ulikuwa wa kuyeyuka. Ni katika mwaka 2000 ndipo Epson ilitoa mashini pana za pigmenti. Iris ya Nash leo iko katika museo ya Smithsonian, Marekani, haichapi tena.

Mutasema: mambo ya Marekani. Basi tuje kwetu. Mwaka 1898 mumisionere Alice Seeley Harris wa Congo Balolo Mission alifika Kongo. Mwezi wa tano mwaka 1904, kule Baringa, alipiga foto ya Nsala, baba aliyekaa akitazama mukono na muguu wa mutoto wake wa kike, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Foto ile ilionyeshwa ndani ya makanisa ya Uingereza kwa taa ya kuangaza ukuta, na ilisaidia kuvunja uongo wa mufalme Leopold wa pili. Nyuma ya miaka 110, katika mwaka 2014, foto za Harris zilitundikwa London pamoja na kazi ya ndugu yetu Sammy Baloji, wa Lubumbashi. Kama kioo kile cha 1904 kingepauka kama foto ya salon yetu, nani angemujua Nsala?

Huyu Baloji anatufundisha tena neno moja juu ya ukubwa. Katika kazi yake «Mémoire» ya mwaka 2006, alikata watu wa foto za zamani za wafanyakazi wa shaba, akawaweka mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyobomoka leo. Ni foto ndefu, kama ukanda. Watu wakiona ukanda namna ile, wanasema: lazima mashini kubwa sana! Hapana. Mashini hizi zinakula karatasi ya kuviringisha. Upana wa mashini unafunga upande mumoja tu. Upande mwingine unaendelea kadiri karatasi inavyoendelea. Kwa mashini ya sentimeta 61 unaweza kuchapa ukanda wa mita mbili.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninaomba munisikilize. Tusianze kwa mashini, tuanze kwa foto. Kwa foto ya kutazamwa karibu, wachapaji wanapenda nukta 300 kwa kila inchi, ni kusema sentimeta 2,54. Ukiwa na 200, bado inapendeza kama mutu anasimama mbali kidogo. Simu nyingi zinapiga nukta milioni 12, ni kusema 4000 kwa 3000. Gawanya kwa 300: utapata sentimeta 34 kwa 25. Gawanya kwa 200: 51 kwa 38. Basi, upana wa 112 utaujaza na nini? Na kama foto imepita ku WhatsApp namna ya kawaida, mara mingi inabakia nukta 1600 tu kwa upande murefu. Kwa 200 hiyo ni sentimeta 20, ukubwa wa kaye.

Foto za wazee wetu hatutazipiga na simu, tutazisoma na skana. Ile ya babu, 9 kwa 13, nikiisoma kwa nukta 1200 kwa inchi, inanipa karibu 4250 kwa 6140. Gawanya kwa 300: sentimeta 36 kwa 52. Ni mara ine ya ile ya asili, na uso wa bibi unakuwa kama kiganja changu. Nilijaribu kuikuza zaidi ku ordinatere. Sikuona bibi zaidi, niliona muchanga wa karatasi. Foto nyingi tulizokusanya ziko za kipimo hicho ao ndogo kuliko hicho. Upande wa 36 unaingia katika mashini ya sentimeta 43, na nafasi inabakia.

Tena mashini hizi zina ugonjwa wa usingizi. Zisipofanya kazi, wino unakauka ndani ya matundu. Ukiamusha mashini inajisafisha yenyewe, na kujisafisha ni kumwanga wino ndani ya sanduku la takataka. Unalipa wino kwa kuutupa! Na kadiri mashini ni kubwa, kuitumia mara moja kwa mwezi ni hasara zaidi. Sisi tutachapa foto ngapi kwa juma moja? Nimeuliza katika kikundi: tatu, ine. Mashini ya 112 inangojea kazi ya kila siku. Chupa zake za wino ni kubwa, mpaka mililitre 700, na kila chupa ina tarehe ya kufa.

Umeme wetu munaujua, siwezi kuwafundisha. Mashini yenyewe haili mingi, karibu na watti mia moja ao chini yake wakati wa kuchapa. Hatari ni kukatika kwa gafula: kichwa kinabakia katikati ya njia, hakirudi ku kifuniko chake, kinakauka pale. Kwa hiyo batri na onduleri ni sehemu ya bei ya mashini. Mutu akileta fakture pasipo onduleri, mumurudishe. Joto na unyevu wa hapa vinatusaidia kidogo, kwani wino haukauki upesi kama Lubumbashi wakati wa kiangazi. Lakini karatasi inakunywa maji, inavimba, kichwa kinaikwaruza. Karatasi ikae ndani ya mufuko wake uliofungwa, itolewe siku ya kazi tu.

Kiisha, njia. Mashini ya 112 na miguu yake inapita kilo 100. Kutoka Kinshasa ni kilometre karibu 1700 juu ya maji, na balenyeri haina huruma kwa kristali. Epson P900, ya sentimeta 43, ina kilo 15 na kidogo. Canon PRO-1000 ya upana ule ule inapita kilo 30 kidogo. Zote mbili ni za pigmenti, na mutu anaweza kuzipandisha ndege. P900 ilipotoka mwaka 2020 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 1300, na kila chupa ya wino ya mililitre 50 karibu dola 40. Chupa ziko kumi. Hesabuni vizuri: kujaza wino zote mara tatu ni karibu bei ya mashini yenyewe. Hapa wanaotaka kubwa wana haki: wino wa chupa ndogo, ukipima kwa mililitre, ni gali kuliko ule wa chupa kubwa. Wamelisema neno hilo ku mukutano, na ni kweli. Lakini wino gali unaotumika ni afazali kuliko wino rahisi unaomwangwa.

Kwa hiyo mimi nitachagua ile ya 43, kati ya hizo mbili, na feza itakayobakia iende kwa onduleri, batri, na karatasi ya pamba. Kama foto moja ao mbili zinaomba mita nzima, tuzitume ku muji ambako mashini kubwa inafanya kazi kila siku, watuchapie, watuletee ndani ya bomba. Kati ya Canon na Epson mimi ninaelekea Canon, juu ya kichwa chake kinachobadilishwa, hata kama kilo zake ni mara mbili. Mwalimu wa fizika anataka Epson. Tutabishana.

Neno lingine: nani atachapa kila juma, hata wakati wa likizo? Karatasi moja tu, yenye rangi zote, siku ya kwanza, yatosha kwa kuzuia usingizi. Mashini isiyo na mutu wa namna hii, tusiinunue, hata ikiwa zawadi. Mimi nimejiandikisha kwa likizo kubwa. Ninatafuta wa pili.

Mukutano ni siku ya tatu nyuma ya masomo, katika kalasi ya kemia. Mwenye foto ya nyumbani alete ile ya asili ndani ya bahasha, si ile ya WhatsApp, aandike nyuma kwa kalamu ya risasi majina ya wanaoonekana. Bibi yangu amekubali kuitoa ile yake, lakini anasema atakuja nayo yeye mwenyewe, na atakaa pale mpaka skana imalize.