Kamera Haifi Kazini, Hufa Kabatini

Katika miji yetu ya pwani imezuka kazi ya heshima ambayo mabinti na mama wengi wanaipatia riziki, nayo ni kupiga picha katika shughuli za wanawake. Siku ya kupamba, mlango ukishafungwa na simu zikishakusanywa, hapana budi aliyeshika kamera awe mwanamke. Zamani mtu alivaa nguo zake nzuri akaenda studio, kama ile ya Parekh mjini Mombasa au ya Bakor kisiwani Lamu, na kamera ikabaki hukohuko kwa mwenyewe. Leo kamera imehamia majumbani. Hulala katika kabati la nguo, baina ya mabuibui na mashuka, ikingojea harusi ijayo.

Mkoba mmoja wenye bodi ya kamera na lenzi mbili waweza kuwa ndio rasilimali yote ya binti mwenye kuanza biashara, na pengine umenunuliwa kwa mchango wa chama au kwa dhahabu ya mama. Mali hiyo mara nyingi haiharibiki kwa kuanguka wala kwa kuibwa. Huharibika polepole, ikiwa imetulia, mahali ilipohifadhiwa. Kwa hiyo tumeona ni vyema leo tueleze namna ya kuitunza nyumbani, kwa njia ambazo familia ya kawaida inaziweza.

Adui wa kwanza ni koga

Kila mama wa pwani anaijua koga. Ndiyo ile inayoota juu ya viatu vya ngozi na mikanda iliyoachwa kabatini msimu wa mvua. Koga hiyohiyo huota ndani ya lenzi. Mbegu zake ni ndogo mno, zimo hewani kila mahali, nazo huingia pamoja na vumbi. Zikipata giza, joto, hewa iliyotuama na unyevu, huanza kutambaa juu ya kioo kwa nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui.

Unyevu unaoistawisha ni ule unaozidi takriban asilimia 60 hewani, na hewa ya mwambao wetu mara nyingi hupita asilimia 70. Miezi ya mvua za masika, na hasa Mei, hali huwa nzito zaidi. Kipimo kinachofaa kuhifadhia kamera na lenzi ni kati ya asilimia 40 na 50. Kushuka sana nako si kuzuri, kwani hewa kavu kupita kiasi hukausha mafuta na mipira iliyomo ndani.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Koga ikiwahiwa mapema, fundi anaweza kuifungua lenzi na kuisafisha. Ikiachwa, majimaji makali inayoyatoa hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na alama yake haifutiki tena. Picha hupoteza ung'avu, na thamani ya lenzi sokoni huporomoka.

Mahali pasipofaa

Mkoba wa kamera umetengenezwa kwa safari, haukutengenezwa kuwa makazi. Sponji na kitambaa chake hunyonya unyevu na kuushika, na mkoba wa ngozi ni mbaya zaidi kwa kuwa ngozi yenyewe ni chakula cha koga. Turudipo kutoka shughulini, kamera na itolewe mkobani, na mkoba uachwe wazi upate hewa.

Kabati la nguo nalo lina mambo mawili yanayofaa kuangaliwa. La kwanza ni udi na ubani. Moshi wake unaopendeza kwenye nguo hubeba mafuta ambayo hutua juu ya kioo na kuacha ukungu unaonata. La pili ni vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, ambavyo mvuke wake haufai kukaa karibu na vioo na mipira ya kamera. Tena tujiepushe na ukuta unaopakana na bafu au jiko, na ukuta wa nje unaopigwa na mvua za kusi.

Sanduku dogo lenye faida kubwa

Dawa iliyo rahisi ni sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na bora zaidi liwe na ukingo wa mpira kama vyombo vizuri vya kuwekea chakula. Ndani yake huwekwa silikajeli, zile chembe zinazonyonya maji, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Vyote viwili hupatikana kwa bei isiyolingana kabisa na bei ya lenzi moja.

Wengi hukusanya vifuko vidogo vilivyomo ndani ya masanduku ya viatu. Vifuko hivyo aghalabu vimekwisha kushiba unyevu kabla havijafika nyumbani, na ni vidogo mno kwa kazi hii. Inunuliwe silikajeli inayobadilika rangi. Ya buluu hugeuka waridi ikishiba, na ya rangi ya chungwa hugeuka kijani. Ikishiba haitupwi. Hutolewa katika kifuko chake, ikatandazwa kwenye sinia ya bati na kutiwa ndani ya ovena kwa joto la kiasi cha digrii 120 kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka rangi yake ya asili irejee. Kisha iachwe ipoe katika chupa iliyofungwa. Sinia hiyo isitumike tena kwa chakula, na chembe zenyewe ziwekwe mbali na watoto, kwa kuwa zile za buluu zina madini ya kobalti yenye madhara.

Mchele, ambao wako wanaoutia sandukuni, hauna nguvu ya kutosha, na unga wake huingia katika viungo vya kamera. Ama mwenye lenzi nyingi na biashara iliyokua, akiweza, anunue kabati maalumu la umeme linalokausha hewa lenyewe kwa kipimo anachokitaka.

Namna ya kuweka

Kamera haifungiwi sandukuni ikiwa na majimaji, kwani sanduku linalozuia unyevu kuingia huuzuia pia kutoka. Baada ya shughuli, na hasa iliyofanyika karibu na bahari, bodi na lenzi zipanguswe nje kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana ili chumvi itoke, kisha kwa kikavu, na ziachwe chumbani zikauke vyema. Vumbi la kiooni liondolewe kwanza kwa kipulizo cha mpira, ndipo kioo kifutwe kwa kitambaa laini cha miwani. Pindo la leso au ncha ya mtandio haifai. Chembe moja ya mchanga ndani yake yatosha kukwaruza kioo.

Kisha kila lenzi ivishwe vifuniko vyake viwili, cha mbele na cha nyuma. Bodi isiyo na lenzi ifunikwe mdomo wake, ili vumbi lisifikie kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Betri itolewe iwapo kamera itakaa wiki kadhaa. Betri ya lithiamu ihifadhiwe ikiwa na chaji kiasi cha nusu, na zile za kawaida za taa ya picha zisiachwe ndani, kwani huvuja na kula vyuma.

Lenzi iliyokwisha kuota koga isichanganywe na nzima. Itengwe, kama mama anavyolitenga embe lililooza ndani ya kikapu.

Wenye viyoyozi nao wana la kuzingatia. Kamera iliyopoa chumbani ikitolewa ghafla kwenye joto la nje hutoka jasho, nalo jasho hilo hutua mpaka ndani. Itiwe kwanza katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na isitolewe humo mpaka ipate joto la nje, labda nusu saa au zaidi.

Sanduku lisisahauliwe. Japo mara moja kwa mwezi lifunguliwe, kipimo kitazamwe, pete za lenzi zizungushwe na picha chache zipigwe. Lenzi imulikwe kwa tochi ndogo upande mmoja huku ikitazamwa upande wa pili, na uzi wowote wa koga utaonekana. Lakini kamwe tusiielekeze lenzi kwenye jua, wala tusiiache dirishani bila kifuniko. Hukusanya miale na huweza kuwasha moto au kuunguza jicho.

Amana iliyomo ndani

Limebaki jambo lililo zito kuliko kioo. Ndani ya kamera ya mpiga picha wa harusi mmo sura za dada zetu bila ya stara zao za nje, nao walikubali kupigwa kwa kumwamini mwenzao. Sura hizo ni amana, na uhifadhi wa kamera haujakamilika mpaka amana hiyo nayo ihifadhiwe.

Kwa hiyo kadi ya kumbukumbu isilale ndani ya kamera. Picha zihamishiwe mahali penye neno la siri, na kadi zifungiwe kwenye mtoto wa meza wenye ufunguo. Kamera isiazimwe wala kupelekwa kwa fundi ikiwa na kadi, na ihakikishwe kuwa hakuna picha zilizobaki katika kumbukumbu ya ndani ya kamera yenyewe. Tena ifahamike kwamba kufuta si kutoweka. Picha iliyofutwa yaweza kurejeshwa na mjuzi maadamu haijaandikwa nyingine juu yake. Mwenye kuuza kamera auze kamera, na kadi abaki nayo. Bibi harusi aelezwe mapema picha zake zitakaa wapi na kwa muda gani, na ahadi hiyo itekelezwe.

Enyi akina baba, binti akiomba fedha za lenzi ya pili, muulizeni kwanza kama ya kwanza ina sanduku. Na enyi akina mama, hilo sanduku na liwekwe juu, pakavu, pasipofikiwa na watoto, na kila aliyemo nyumbani ajue kuwa ni la kazi. Mwenyezi Mungu aibariki riziki ya mikono yetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.