KISUKARI CHA PAKA: UTUNZAJI WA MGONJWA NYUMBANI KATIKA MAJUMA YA KWANZA

Watu wengi hudhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa binadamu peke yake. Kwa kweli maradhi haya huwapata wanyama pia, hasa paka na mbwa wafugwao majumbani. Paka azururaye bandarini au sokoni akijitafutia panya na vichwa vya samaki ni nadra kunenepa. Lakini paka wa mjini afungiwaye ndani, alishwaye mara nyingi na asiye na haja ya kuwinda, maisha yake yamebadilika kama yalivyobadilika ya mwenyeji wake, na maradhi yake yamebadilika vivyo hivyo.

Mwenye paka aambiwapo kwa mara ya kwanza kwamba mnyama wake ana kisukari, huweza kudhani kwamba paka huyo hana budi kufa, au kwamba sukari yake lazima iteremshwe upesi iwezekanavyo. Dhana zote mbili si sahihi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini katika ugonjwa huu utaratibu una thamani kuliko haraka, na kwa nini katika majuma ya kwanza sukari iliyoshuka kupita kiasi huua upesi kuliko sukari iliyopanda.

Ugonjwa wenyewe

Tumboni, karibu na utumbo mwembamba, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Mnamo mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho lake, wakaona kwamba amepatwa na kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walitengeneza majimaji kutokana na kongosho la mbwa, na majimaji hayo yakateremsha sukari katika damu ya mbwa waliokuwa wagonjwa. Mwaka uliofuata dawa hiyo, yaani insulini, ikaanza kuokoa maisha ya watu. Kwa hiyo tunapomtibu mnyama kwa insulini leo tunalipa deni la zamani.

Insulini ni homoni itolewayo na kongosho. Kazi yake ni kuziwezesha chembe hai za mwili, hasa za misuli na mafuta, kuipokea sukari iliyomo katika damu. Insulini ikipungua, au chembe hai zikiacha kuitii, sukari hurundikana katika damu ilhali chembe zenyewe zina njaa. Hali hiyo ni kama ghala lililojaa mahindi, ufunguo umepotea, na watu wa nyumba wanalala njaa.

Kisukari cha paka wengi hufanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu. Kwanza mwili huacha kuitii insulini, kisha kongosho hulemewa na kudhoofika. Walio katika hatari zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa, na wale waliokwisha pita umri wa ujana. Dawa za jamii ya kotikosteroidi, ambazo hutumiwa kwa mwasho wa ngozi na maradhi mengine, nazo huweza kuuamsha ugonjwa huu.

Dalili na uthibitisho

Dalili kuu ni nne: kunywa maji mengi, kukojoa sana, kula sana, na kukonda juu ya kula huko. Sukari ya damu ipitapo kiasi cha milimoli 14 hadi 16 kwa lita, figo za paka hushindwa kuirudisha yote mwilini. Sukari hiyo hutoka pamoja na mkojo ikiyavuta maji, na mnyama hana budi kunywa ili kuyarudisha. Paka wa kilo 5 anywaye nusu lita au zaidi kwa siku anastahili kuchunguzwa. Baadhi ya wagonjwa hudhoofika mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, wakaanza kutembea kwa kukanyaga kisigino chote badala ya vidole.

Hata hivyo, kipimo kimoja cha damu hakitoshi kuuthibitisha ugonjwa. Paka ni mnyama mwepesi wa hofu. Akitiwa kikapuni, akapelekwa mahali pageni penye harufu ya mbwa na kushikwa na mikono asiyoijua, sukari yake huweza kupanda kupita milimoli 16 kwa lita ingawa ni mzima. Kwa sababu hiyo daktari wa mifugo hutazama pia mkojo na dalili za siku nyingi, na panapowezekana hupima fruktosamini, yaani protini ya damu iliyoshikana na sukari, ambayo huonyesha hali ilivyokuwa katika juma moja au mawili yaliyopita.

Insulini na hesabu yake

Paka wengi hutibiwa kwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Kiasi cha kuanzia ni kidogo mno: kwa kawaida ni yuniti 1, wala si zaidi ya 2, kwa kila mara. Daktari ndiye apangaye kiasi hicho, naye hukibadilisha baada ya kuona matokeo ya siku kadhaa. Mwili huhitaji muda kuizoea dawa, na mwenye paka aongezaye dozi kila aonapo namba kubwa humtia mnyama katika hatari.

Hapa pana jambo moja la hesabu ambalo mfugaji hana budi kulielewa vyema. Insulini za binadamu zipatikanazo katika maduka ya dawa kwa kawaida huwa na yuniti 100 katika kila mililita. Baadhi ya insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama huwa na yuniti 40 tu. Kila aina ina bomba lake la sindano, na mistari ya bomba hilo imechorwa kulingana na nguvu ya dawa yake.

Tuseme mtu ana insulini ya yuniti 100 lakini anatumia bomba la yuniti 40. Akivuta hadi mstari wa 1, atakuwa amevuta sehemu 1 ya 40 ya mililita, na ndani yake mna yuniti mbili na nusu. Paka atapata dozi mara mbili na nusu ya ile iliyoamriwa, nayo yaweza kumwua. Akikosea kinyume chake, paka atapata chini ya nusu ya dawa, na ugonjwa utaendelea huku mwenyewe akidhani anatibu. Basi kabla ya kuondoka dukani, namba iliyo kwenye chupa na namba iliyo kwenye bomba zilinganishwe. Namba hizo sharti ziwe sawa.

Kuchoma sindano si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Sindano ni nyembamba na fupi. Ngozi ya ubavuni au ya mgongoni huinuliwa kwa vidole ikafanya kihema, sindano ikaingizwa chini ya kihema hicho, na dawa ikasukumwa taratibu. Paka wengi huendelea kula wakati wa kuchomwa. Iwapo paka amejitikisa na mchomaji hana hakika kama dawa imeingia, dozi isirudiwe. Kuikosa dawa mara moja hakuleti madhara makubwa, lakini kuipata mara mbili huweza kuleta mauti.

Kuhifadhi dawa

Joto kali huiharibu insulini, na kuganda kwa baridi vilevile. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, mbali na sehemu ya kugandishia barafu. Mahali pasipo jokofu, au umeme unapokatika kwa muda mrefu, mtungi wa udongo una msaada. Maji yapenyayo katika udongo hugeuka mvuke juu ya uso wake, na kugeuka huko huondoa joto, ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi. Chupa ya insulini ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, iwekwe mtungini, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Njia hii haifikii ubaridi wa jokofu, lakini ni bora mara nyingi kuliko rafu ya jikoni.

Insulini iliyo angavu kama maji ikigeuka kuwa na ukungu haifai tena. Ile ambayo kwa asili ni nyeupe kama maziwa huhitaji kuchanganywa kabla ya kuvutwa, nayo ichanganywe kwa namna ilivyoandikwa katika maelezo yake.

Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwaka 2005 wanasayansi wa kituo cha Monell mjini Philadelphia walieleza kwamba moja ya jeni mbili zihitajikazo kutambua utamu imeharibika kwa paka, hata hawezi kuonja sukari. Panya, ambaye ndiye chakula chake cha asili, ana wanga kidogo sana. Ini la paka nalo halikuumbwa kushughulikia wanga mwingi kwa mara moja.

Kwa hiyo chakula cha paka mwenye kisukari kiwe na protini nyingi na wanga kidogo. Ugali, wali na mkate visiwe msingi wa mlo wake. Chakula kikavu cha vidonge vya dukani huhitaji wanga ili kishikamane, hivyo kile cha mikebe mara nyingi hufaa zaidi. Samaki na nyama iliyochemshwa bila chumvi wala vitunguu ni vyakula vizuri, lakini mlo wa nyumbani pekee, usiopangwa na mtaalamu, huweza kukosa virutubisho. Mwaka 1987 ilidhihirika kwamba upungufu wa taurini, kirutubisho kipatikanacho katika nyama, huudhoofisha moyo wa paka.

Tahadhari mbili zizingatiwe. Kwanza, wanga ukipunguzwa mahitaji ya insulini nayo hupungua, basi chakula kisibadilishwe ghafula bila daktari kujua. Pili, paka mnene asishindishwe njaa. Paka mnene aachaye kula kwa siku chache huweza kujaa mafuta katika ini na kufa. Kupungua kwa asilimia 1 ya uzito kwa juma kunatosha. Kwa paka wa kilo 6 hiyo ni gramu 60 tu.

Sukari inaposhuka

Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.5 kwa lita hivi, ubongo huanza kukosa chakula chake. Paka hulegea, huyumba kama mlevi, hutazama bila kuona au hutetemeka, na mwishowe huweza kupatwa na degedege na kuzimia. Aonapo dalili hizo, mwenye paka asingoje. Kama paka aweza kumeza, apewe chakula mara moja. Kama hawezi, apakwe asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, bila kumiminiwa kinywani asije akapaliwa, kisha apelekwe kwa daktari hata akiwa ameonekana kupata nafuu. Asali ikae daima mahali pajulikanapo na kila mtu wa nyumba.

Njia bora ya kujikinga ni kuhakikisha kwamba paka amekula kabla ya kuchomwa. Asipokula asichomwe dozi kamili. Daktari aulizwe kwanza.

Hatari ya upande wa pili ni pale mwili usiopata sukari unapochoma mafuta kupita kiasi na kutoa sumu ziitwazo ketoni. Mgonjwa hukataa chakula, hutapika, hulegea, na pumzi yake huweza kuwa na harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari siku ileile.

Daftari na kipimo cha nyumbani

Mwenye paka na awe na daftari. Kila siku aandike saa ya sindano, kiasi cha dawa, chakula kilicholiwa na maji yaliyonywewa. Na kila juma aandike uzito. Nyumba yenye watu wengi haiwezi kukwepa jambo hili, kwani bila maandishi baba huchoma, na mama naye huchoma asijue.

Wawezao hupima sukari nyumbani kwa tone la damu litolewalo ukingoni mwa sikio, ambako paka hatishwi na safari. Ifahamike kwamba mashine zilizotengenezwa kwa damu ya binadamu mara nyingi huonyesha namba iliyo chini kidogo ya ile ya kweli kwa paka. Namba hizo ni za kumwonyesha daktari, si za kujibadilishia dozi.

Siku hizi zipo pia dawa za kinywa. Bexagliflozin iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2022, na velagliflozin mwaka 2023. Dawa hizi huzifanya figo ziitoe sukari kwa mkojo. Hazimfai kila paka, wala hazipewi yule aliyekwisha tibiwa kwa insulini, na huweza kuleta sumu za ketoni hata sukari ikiwa ya kawaida. Vidonge vya kisukari vya binadamu visitolewe kwa paka kwa kukisia.

Tumaini

Paka hutofautiana na mbwa kwa jambo moja la kutia moyo. Akitibiwa mapema, akalishwa vyema na kupunguza unene, kongosho lake huweza kupumzika na kupata nguvu tena, hata akaishi bila insulini kwa miezi au miaka. Mara nyingi nafuu hiyo huonekana katika miezi ya mwanzo, nayo ndiyo sababu nyingine ya kupima mara kwa mara: dozi iliyofaa mwezi uliopita huweza kuwa kubwa mno mwezi huu. Hata paka asiyepata nafuu hiyo aweza kuishi vizuri kwa miaka kadhaa.

Kazi ya kumtunza ni ya asubuhi na jioni kila siku, nayo haihitaji elimu kubwa. Huhitaji saa iliyo sahihi, bomba lililo sahihi, chakula kilicho sahihi, na mtu atazamaye na kuandika aliyoyaona.